Hodi Tatu kwenye Mlango Mdogo

Akuitaye yuko pwani, mlangoni uko wewe.

Mliyasikia maneno hayo jana, vijana wangu, Bi Rehani alipomkemea mjukuu wake aliyekuwa akihimizwa na wenzake apande mnazi uliolowa mvua ili awaangushie madafu. Mtoto akashuka. Nanyi mkacheka, mkaja kuniuliza mnazi na mlango vina uhusiano gani, na pwani imeingiaje katika habari ya madafu. Mmefanya vizuri kuuliza. Msemo usiojulikana ulikotoka hutumika kama ufunguo usiojulikana kufuli yake. Huu nakijua chanzo chake, kwa kuwa siku ulipozaliwa nilikuwamo botini, nimekalia gunia la mchele.

Kisiwa cha Ukombe kimekingwa na mwamba mrefu upande wa kusini. Katika mwamba huo kuna sehemu moja iliyoachana, yenye maji ya kutosha chombo kupita. Sehemu ya namna hiyo sisi watu wa pwani tunaiita mlango. Huo wa kusini ni Mlango Mdogo, nao unatazamana na kijiji. Ukishaupita umefika, unaona hata nguo zilizoanikwa uani. Upo na Mlango Mkuu, mpana na mtulivu, lakini uko nyuma ya kisiwa, kaskazini. Anayeingia kwa huko hushukia kwenye matope ya mikoko, kisha hukikata kisiwa kizima kwa miguu.

Rafiki yangu Mshamu, seremala wa Kivinje, alikuwa amemposa Saumu, binti wa Mzee Shomvi wa Ukombe. Harusi ilikwisha kuahirishwa mara moja, kwa sababu mjomba wake Mshamu, Mzee Kipande, alisema vyombo vya bibi harusi havijatimia. Mzee Shomvi alikubali kwa shingo upande, akatuma neno: "Safari hii nikahi ni baada ya sala ya alasiri. Jua likizama bwana harusi hajafika, asije tena. Binti yangu si mzigo wa kukaa bandarini ukingoja chombo."

Neno hilo lilimkosesha Mshamu usingizi. Alimpenda Saumu tangu siku alipokwenda Ukombe kutengeneza milango ya msikiti, naye Saumu alikuwa amewakataa wachumba wawili kwa ajili yake.

Boti tuliyopata ilikuwa ya faiba, ndogo, yenye mashine moja nyuma. Nahodha wake aliitwa Mfaume Chande, mtu mwembamba, mpole, asiyependa maneno mengi. Nimesafiri na manahodha wengi, lakini sijaona aliyekiheshimu chombo chake kama yule. Petroli aliichuja kwa kitambaa safi hata kama muuzaji ameapa haina maji. Plagi za akiba alizifunga ndani ya mfuko wa plastiki, akauweka kifuani, ndani ya shati. Mizigo aliipanga kwa mikono yake mwenyewe, mizito chini katikati, na abiria nao aliwapanga vivyo hivyo, bila kumwonea mtu haya.

"Shangazi, wewe kaa hapa katikati," alimwambia Bi Somoe, shangazi yake Mshamu, mama mwenye mwili wake.

"Kwani mimi gunia?"

"Gunia halipigi vigelegele, shangazi. Lakini boti haijui tofauti."

Bi Somoe alicheka hadi machozi yakamtoka, akakaa alipoambiwa.

Tatizo lilikuwa kuondoka. Mfaume alitaka tung'oe nanga alfajiri, ili tufike Mlango Mdogo maji yakiwa bado yanajaa. Mzee Kipande hakutaka kusikia. Alitaka dua isomwe, chai inywewe, masufuria mapya yafungwe kwa utepe mwekundu ili yapendeze yakishushwa.

"Bwana harusi haondoki kwao kama mwizi wa kuku," alisema.

"Mzee wangu," Mfaume akamjibu, "ule mlango una adabu maji yakijaa. Yakianza kutoka, haumjui mtu."

"Basi tutajitambulisha," akasema Mzee Kipande, na watu wakacheka. Tulipoondoka, jua lilikuwa limekwisha kuwa kali.

Upepo wa kusi ulikuwa umeamka. Huko nje boti ndogo haina pa kujificha. Kila wimbi lililokuja Mfaume alilipokea peke yake: alipunguza moto wa mashine linapoinuka, akaongeza tunapoteremka, mkono hauondoki kwenye mashine. Meli kubwa hulivunja wimbi na kwenda zake. Boti kama ile sharti ikubaliane nalo, na kila wimbi lina masharti yake. Saa zile zote Mfaume hakunywa hata maji, wala uso wake haukubadilika.

Tukauona mwamba wa Ukombe, mstari mweupe wa povu, na katikati yake nafasi ya buluu. Ng'ambo yake kijiji kizima kilikuwa ufukweni. Wanawake walikuwa wakipunga kanga, watoto wanarukaruka, na tuliweza kumtambua hata Mzee Shomvi kwa kanzu yake na mkongojo, naye akipunga mkono.

"Wametuona!" Mshamu akapaza sauti, akasimama.

"Kaa chini, bwana harusi," Mfaume akamwambia.

Akaipeleka boti karibu na mlango, kisha akapunguza moto tukabaki tukielea. Sisi sote tulitazama mbele, kwenye kanga. Yeye alitazama nyuma, kwenye mawimbi yanayokuja. Maji yalikuwa yanatoka. Mkondo wote wa ndani ulikuwa ukijimwaga nje kupitia uwazi ule mwembamba, nayo mawimbi ya kusi yalikuwa yakija kutoka nje kukutana nao. Vitu viwili hivyo vikikutana katika maji mafupi, wimbi husimama wima kama ukuta. Lakini aliye upande wa bahari haoni ukuta. Anaona mgongo tu, mlaini, unateleza kwenda zake.

Mfaume aliyatazama kwa muda, akageuza boti, tukarudi nje.

"Vipi?" Mzee Kipande akauliza.

"Nimebisha hodi. Sijaitikiwa."

Alizunguka, akatupeleka mara ya pili. Akasimama pale pale, akatazama nyuma vile vile, akageuza tena. Sasa abiria walianza kunung'unika. Ufukweni kanga ziliongezeka. Mtu mmoja alikuwa amepanda juu ya ngalawa iliyopinduliwa, anatuita kwa mikono yote miwili.

"Wewe Mfaume," Mzee Kipande akasema, "hodi gani hiyo isiyoitikiwa? Hukuona watu wote wale wanatukaribisha?"

"Nimewaona."

"Basi?"

"Wanaokaribisha si wenye mlango, mzee wangu."

"Sema umeogopa. Kuogopa si dhambi. Mpe usukani mwenye moyo."

"Mwenye moyo na aje, nimwachie," Mfaume akasema kwa upole, akasogea kidogo kuacha nafasi. Hakuna aliyenyanyuka. Bi Somoe akamtazama Mzee Kipande kuanzia kofia hadi viatu.

"Nenda basi, kaka. Si ulisema tutajitambulisha?"

Mshamu alikuwa amelishika pindo la kanzu yake. "Kaka Mfaume," akasema, na sauti yake ilikuwa ya kuomba, "unajua neno la baba yake. Tukizunguka hadi Mlango Mkuu, jua litazama. Nitampoteza. Ni hapo tu, naiona hata nyumba yao. Dakika moja ya bahati."

Mfaume alimtazama, nami nikaona kwamba maneno yale yalimwingia. "Mdogo wangu," akasema, "kwetu mtu hubisha hodi mara tatu. Imebaki moja. Nitaibisha kwa ajili yako. Lakini nisipoitikiwa, usiniombe ya nne."

Akatupeleka mara ya tatu, karibu zaidi kuliko mwanzo, hadi tukasikia mwamba ukinguruma. Alitazama nyuma. Migongo mitatu ilipita chini yetu, laini kabisa. Nilidhani sasa ataingia. Mshamu naye alidhani hivyo. Alikwisha kuanza kutabasamu. Ghafla Mfaume akafungua moto wote na kugeuza boti kuelekea nje, kwa nguvu hadi Bi Somoe akaniangukia. Tukaupanda mlima wa maji ambao sisi wengine hatukuwa tumeuona ukija. Ulitupitisha juu, ukatuacha, ukaenda mlangoni. Nasi tukageuza shingo kuutazama.

Ile nafasi ya buluu ikafumba. Ilijaa povu kutoka mwamba hadi mwamba, na maji yakaruka juu kuliko minazi. Kwa muda hatukukiona kijiji, wala kanga, wala mtu. Kisha povu likashuka, mlango ukafunguka tena, wa buluu na mzuri kama mwanzo. Ng'ambo, watu walikuwa bado wanapunga.

Mshamu alikaa chini polepole. Alizitazama zile kanga kwa muda mrefu, akasema, "Twende kaskazini."

Njia ya kaskazini haikuwa lelemama. Tuliyapa mawimbi ubavu, na kila moja lilituachia maji ndani. Mfaume alikuwa akigeuza omo, pua ya boti, kidogo kulikabili wimbi lililo kubwa, kisha anarudisha njia, tena na tena, kama mtu anayepita sokoni bila kumkanyaga mtu. Chombo cha kukumbia maji, kuyatoa botini, hakikutosha. Bi Somoe akafungua utepe mwekundu, akatoa sufuria jipya la bibi harusi, akampa Mzee Kipande.

"Kumba, kaka. Ulitaka liwe la kupendeza. Sasa litakuwa na faida."

Na Mzee Kipande, nimsifu kwa haki yake, alikumba bila kupumzika hadi tulipoingia kwenye maji matulivu ya Mlango Mkuu.

Tulishuka kwenye mikoko, matope magotini, mizigo vichwani. Tulikikata kisiwa karibu kwa kukimbia. Tulipotokeza kijijini, jua lilikuwa limezama na adhana ya magharibi imekwisha. Ngoma zilikuwa zimenyamaza. Mzee Shomvi alikuwa barazani kwake, na wazee wawili pamoja naye, na mlango wa nyumba nyuma yake umefungwa.

"Assalaam alaikum," Mshamu akasema. Kanzu yake ilikuwa nyeupe kuanzia kiunoni kwenda juu tu.

Salamu iliitikiwa, lakini hakuna aliyesema karibu.

"Tulikuiteni," akasema Mzee Shomvi. "Kijiji kizima kilisimama juani kukuiteni. Mmefika mlangoni mara tatu, mara tatu mmetupa kisogo. Watu wananiuliza, huyo anakuja kuoa au anakuja kutuchungulia?"

Mzee Kipande akafungua kinywa haraka. "Shemeji, kosa si letu. Ni huyu nahodha—"

"Hapana, mjomba," Mshamu akamkata. Sijapata kumsikia akimkata mkubwa wake kabla ya siku ile, wala baadaye. "Nahodha hana kosa. Mimi nilimsihi aingie, naye akanikatalia, na kwa hilo nina deni la shukrani kwake." Akamgeukia Mzee Shomvi. "Baba, tuliwaona. Nilikuona hata wewe. Lakini aliyekuwa akituita alikuwa pwani. Mlangoni tulikuwa sisi. Kama kuchelewa kumenipotezea Saumu, nitakubali. Nilikuja na shangazi yangu, mjomba wangu na rafiki yangu. Sikuwa na haki ya kuwalipisha wao nauli ya haraka yangu."

Mfaume alikuwa amesimama nyuma yetu, anakamua shati lake, kana kwamba habari hiyo ni ya watu wengine.

Mzee Shomvi akainua mkono wake wa kulia, akautazama kiganja na mgongo.

"Ni kweli nilipunga," akasema. "Nilipunga kwa mkono huu. Na ulikuwa mkavu."

Akainuka, akagonga mlango wa nyumba kwa mkongojo. "Mwanangu Saumu! Mtu wako amekuja na matope yake. Nikubali au nimrudishe?"

Jibu halikuja kwa maneno. Vigelegele vililipuka ndani ya nyumba kwa namna ambayo Bi Somoe, pamoja na uchovu wake, alishindwa kujizuia, akajibu vyake kutoka uani. Shehe akaitwa. Nikahi ikafungwa usiku ule, bwana harusi amevaa kanzu ya kuazima, fupi kidogo.

Asubuhi maji yalipojaa, watoto wakatuita ufukweni. Mfaume alikuwa amerudi kwenye boti yake kabla hatujaamka, akakizunguka kisiwa nayo, na sasa alikuwa anaingia kwa Mlango Mdogo. Hakuongeza moto, wala hakupunguza. Boti ilipita katikati ya mwamba kama mtu anayeingia chumbani kwake. Wanaume wa Ukombe, wanaojua bahari, walivua kofia. Mzee Kipande akawa wa kwanza kuingia majini kushika kamba, na wa kwanza pia kuwaambia watu, kwa sauti kubwa, maneno ya mpwa wake kama kwamba ni yake. Kwa kinywa chake yakafupika, yakapendeza, yakavuka bahari kurudi Kivinje kabla yetu.

Basi vijana wangu, hata kwenye mnazi, hata kwenye jambo lolote ambalo wengi watakuhimiza kwa mapenzi mema kabisa, kumbuka mawimbi yako nyuma ya nani, na mkono unaokupungia ni mkavu au umelowa. Akuitaye yuko pwani, mlangoni uko wewe.