Walinzi wa Sultani Badi Wasiogawanyika

Mniwie radhi, mabwana na mabibi: hekaya hii nitaiharibu. Aliyenipa mimi aliisimulia watu wakashika mbavu. Kwangu, haya, tuone.

Hapo zamani, Sultani Badi alijifunza hesabu ukubwani, akafika kwenye kugawanya, akajiona bahari ya elimu. Basi akatoa amri: "Walinzi wangu wapangwe safu zilizo sawa. Safu moja ndefu sitaki, wala mmoja mmoja kama kuku wa mnadani sitaki. Atakayebaki, shingo yake halali yangu."

Walinzi walikuwa thelathini na mmoja. Akida akawapanga wawili wawili, akabaki Feruzi. Watatu watatu, akabaki Feruzi, maana alikuwa mnene na kila mara alifika wa mwisho. Watano watano, sita sita, Feruzi yule yule, jasho lamtiririka.

"Huyu ana kisirani," akasema Sultani. "Mkateni, hesabu ikae sawa!"

Ndipo akajipenyeza Mwinjaka, shemeji yake Feruzi, fukara asiye na chungu wala kibao cha mbuzi, aliyekula kwa Feruzi asubuhi na jioni. Ikawa shingo ile ikienda, na chakula kimekwenda.

"Bwana wangu, Feruzi hana kosa. Thelathini na moja ni namba tasa: haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Hata uichape viboko, haizai safu."

"Nikimwondoa yeye, si itazaa?"

"Itazaa, Bwana. Lakini amri yako yataka walinzi wako wote, na mmoja bado hajaingia mstarini. Hivi, mlinzi mkuu wa nchi hii ni nani?"

"Mimi!" akafoka Sultani, kifua mbele.

"Ewallah. Basi twakungoja, Bwana."

Raia waliokuja kutazama wakamkodolea macho. Sultani akaona kukataa ni kujivua cheo hadharani, akashuka, akasimama mkiani. Ikawa safu nne, kila safu wanane, sawa kama meno ya kitana. Akida naye, kwa mazoea, akapita akikagua, akanguruma: "Wewe wa mwisho! Kitambi ndani!"

Sultani akavuta kitambi, kikakataa. Akavuta tena. Mwisho akaangua kicheko hata kilemba kikamdondoka.

"Feruzi, nenda kwako. Nawe Mwinjaka, nikugawie nini?"

"Chochote, Bwana, ila agawe mwingine."

Kama hukucheka, usimlaumu Sultani wala Akida. Siku darasa zima lilipoelewa kugawanya, aliyebaki nilikuwa mimi.