Mama wa Chumba Namba Tisa

Bwana Shekuwe, afisa wa meli ya matembezi aliyependa sheria kuliko chai ya saa nne, aliwazuia ngazini wasichana wawili wenye tiketi za chumba namba tisa.

"Mna miaka mingapi?"

"Ishirini kila mmoja," alijibu Mishi.

"Safari hii ni ya familia. Asiyefika miaka ishirini na mmoja halali chumba kisicho na mama yake. Hamna mama, shukeni."

Mishi alitua begi. "Huyo mama awe na miaka mingapi?"

"Sheria haisemi. Mama ni mama."

"Na wewe bwana mkubwa utamjuaje?"

"Mwanawe atamwita mbele yangu. Haya, mwite wako!"

Mishi alimgeukia mwenzake, Riziki. "Mama, tunaitwa."

"Huyu?"

"Huyu. Kapewa jina la marehemu mama yangu. Tangu nijue kusema namwita mama, na nyumbani wote wanajua."

Shekuwe alimgeukia Riziki kwa matumaini. "Sawa. Na wewe, mama yako yuko wapi?"

Riziki alimwinulia Mishi begi lake. "Aliyenizaa ni dada yake huyu. Mama mdogo, tangulia, nakuja."