Bambo Refu la Mfaume

Usiulize bambo la nani, uliza limetoa nini.

Niliwaambia wajukuu zangu maneno hayo jana baada ya chakula, nao wakataka kujua yametoka wapi. Walikuwa wamebishana tangu asubuhi. Kikundi chao cha vijana kumi na wawili kimeweka mavuno ya ufuta ya misimu miwili katika hisa za kampuni moja ya mbolea, na juma hili mtu mmoja ametoa ripoti kwamba kampuni hiyo ni ya uongo, kwamba mbolea inayojivunia haipo. Mtu huyo hafichi kwamba hisa zikishuka bei yeye atapata faida. Shabani anasema ni tapeli, anatia watu hofu ili avune. Hidaya anasema huenda ni mkweli. Wameshachunguza anaishi wapi, alisoma wapi, hata mkewe anaendesha gari gani. Nikawaambia wakae. Methali hii ina mwenyewe, na mwenyewe ni mama yangu. Nami nilikuwepo ilipozaliwa, ingawa nilikuwa mgongoni, kwa hiyo mnihesabu shahidi nusu. Ilianza hivi.

Zamani mji wetu wa Nambiro ulikuwa na ghala moja kubwa la ufuta, la Mzee Rajabu Kinjenga. Msimdhanie vibaya mapema, alikuwa mtu wa watu. Ukifiwa, sanda ilitoka kwake kabla hujaiomba. Mkulima alipeleka gunia ghalani akapewa hati yenye muhuri, na hati moja ilikuwa sawa na gunia moja. Kwa kuwa bei ya ufuta ilipanda kila mwezi, watu walianza kuuziana hati sokoni bila hata kuliona gunia. Wengine waliuza mbuzi, wengine baiskeli, ili wanunue hati. Na nani angekwenda kukagua ghala la mtu aliyesaidia kumzika baba yake?

Mama, Bi Somoe, alikuwa mjane wa mwaka mmoja. Alikuwa na hati kumi na moja, na shamba la ekari sita katika bonde la Mkuti aliloachiwa na baba. Mzee Kinjenga alimwambia kwamba mwanamke peke yake na kichanga hataliweza shamba lile, heri amwachie yeye, naye atampa hati sitini. Mama alifikiri, akakubali. Walipatana kuweka dole gumba siku ya Ijumaa.

Sasa, mjini alikuwapo dalali wa ufuta aliyeitwa Mfaume Namtapika, rafiki wa marehemu baba. Nitamsema kama alivyokuwa: mroho. Hata ubani wa msiba aliununua kwa kubembeleza bei. Majuma mawili kabla ya Ijumaa ile alikuja kwa mama akamwomba amwazime zile hati kumi na moja. Baada ya miezi miwili angerudisha hati kumi na moja, na juu yake gunia zima la asante. Mama aliona neema imebisha hodi, akampa. Mfaume akafanya hivyo kwa wengine mpaka akatimiza hati mia. Kisha akazipeleka sokoni, akaziuza zote siku moja, kwa bei ya juu kabisa.

Jumanne ya juma la Ijumaa ile akasimama katikati ya soko akasema kwamba magunia ya Kinjenga yamejaa makapi na mchanga.

Watu hawakuchelewa kuutambua mchezo wake. Hati zikianguka, Mfaume atazinunua kwa bei ya kutupa, awarudishie wenyewe idadi yao, na kinachobaki kitaingia mfukoni mwake. Soko likagawanyika. Wengi walisema huyu anachoma nyumba ya jirani ili anunue kiwanja. Wachache, akiwamo fundi cherehani mmoja, walisema mroho hahangaiki bure, lazima amenusa kitu. Wakafukua ukoo wake, wakakumbuka ndoa zake mbili zilizovunjika na jinsi alivyomdhulumu binamu yake kuku. Siku tatu walibishana kama Mfaume ni mkweli au mchonganishi, na muda wote huo ghala lilikuwa palepale, hatua mia mbili kutoka sokoni. Mama alikuwa na hasira kuliko wote, maana aliona amepigwa kwa fimbo yake mwenyewe.

Ijumaa akanifunga mgongoni, akaifunga hati ya shamba kwenye pindo la khanga, akaenda ghalani. Alikuta watu wamejaa. Mzee Kinjenga alikuwa amesimama mlangoni, mtulivu, kanzu nyeupe.

"Muulizeni Mfaume," alisema. "Mkimwamini, atakayekula ni nani?"

Mfaume hakukwepa. "Nitakula mimi. Lakini magunia yakiwa mazima, itanibidi ninunue hati mia kwa bei ya juu ili niwarudishie wenyewe, na nyumba yangu itakwenda. Mimi nimeweka nyumba juu ya neno langu. Mzee ameweka nini?"

Ubishi ukaanza upya, kama kinywa cha namna ile kinaweza kubeba ukweli. Mama aliwasikiliza mpaka akachoka.

"Tangu Jumanne tunampekua Mfaume," alisema. "Gunia limepekuliwa na nani?"

Mzee Kinjenga akatabasamu, akaamuru gunia moja litolewe nje, akampa mama bambo lake. Bambo ni mrija wa chuma wenye ncha. Unauchoma guniani, na nafaka inateremka ndani yake mpaka kiganjani, ukaiona bila kulifungua gunia. Kila ghala lilikuwa na bambo lake, na adabu ya biashara ilikuwa kwamba mgeni huchoma kwa bambo la mwenye ghala. Kuja na lako ni kumwita mwenzako mwizi. Ndiyo maana miaka yote ile Nambiro nzima ilikuwa ikichoma magunia ya Kinjenga kwa bambo la Kinjenga, nalo halikuzidi urefu wa shibiri moja. Mama akachoma. Ufuta mweupe, safi, ukajaa kiganjani. Wanawake wakapiga vigelegele.

Ndipo Mfaume akatoa la kwake ndani ya koti. Lilikuwa refu kama mkono kutoka kiwiko hadi vidole.

"Bambo la adui halichomwi kwangu," Mzee Kinjenga alisema. "Si adabu, Bi Somoe."

Mama alimtazama. Yule ndiye aliyemletea sanda ya mumewe, na mama alikuwa akimheshimu kwa moyo wote. Aliniambia miaka mingi baadaye kwamba aliona aibu zaidi kuliko hofu.

"Nisamehe, Mzee," alisema. "Shamba ninalolitoa leo ni la huyu mtoto. Kama gunia ni zima, hata bambo la adui litatoa ufuta."

Akalichukua bambo la Mfaume, akalichoma palepale kwenye tundu la kwanza, akalisukuma mpaka mwisho. Ulianza kutoka ufuta kidogo. Yakafuata makapi. Kisha mchanga, ukamjaa kiganjani na kumwagikia miguuni. Gunia la pili vilevile, na la tatu. Nje ufuta, katikati mchanga. Mzee Kinjenga alikaa chini pale mlangoni.

Na amini usiamini, bado alikuwapo mtu nyuma aliyesema kwamba hata hivyo bambo lenyewe ni la Mfaume. Mama hakugeuka.

"Usiulize bambo la nani," alimjibu. "Uliza limetoa nini."

Magunia yote ya ghala yalichomwa bambo siku ile. Katika kila magunia kumi, mazima yalikuwa manne. Hati zikaanguka, Mfaume akazinunua, akamrudishia mama zake kumi na moja, ambazo sasa zilitosha magunia manne tu, na gunia lake la asante akalileta. Akatajirika, wala hakujificha, na mji ukamchukia. Mama naye alilia kwa ajili ya magunia yake. Lakini hati ya shamba ilirudi nyumbani kwenye pindo lilelile la khanga.

Tangu mwaka ule, kila mavuno, mama alipima pishi moja ya ufuta wa kwanza akampelekea Mfaume. Watu walimuuliza anamshukuruje mtu aliyeshiba kwa msiba wao. Alisema, "Alikula chake, akaniachia changu bila kukusudia. Nikingoja aje malaika ndipo nishukuru, nitakufa sijashukuru."

Na msimfanye Mfaume kuwa mtume. Miaka minne baadaye aliuanza mchezo uleule mji wa pili, akasema ghala la Bi Zuhura Chitanda nalo ni bovu. Wenyeji walikuwa wamesikia habari za Nambiro. Hawakumtukana wala hawakumshangilia. Waliomba bambo lake refu, wakachoma magunia thelathini, ukatoka ufuta mpaka punje ya mwisho. Kama alidanganya au alikosea, Mungu anajua. Nyumba ilikwenda. Mama aliendelea kumpelekea pishi yake, sasa kwenye chumba cha kupanga.

Nilipofika hapo niliwageukia wajukuu zangu. Nikawakumbusha kwamba shamba la Mkuti ndilo lililotoa ufuta walionunulia hisa, na kwamba mimi nilisomeshwa nalo, na mama yao pia. Sijawahi kumwombea Mfaume Namtapika bila kucheka kidogo, lakini namwombea, na namshukuru mpaka leo.

Kisha nikauliza ripoti hiyo inasema ghala gani la mbolea ni tupu.

"La Mnalani, bibi," Shabani alijibu. "Saa moja kwa basi."

"Nani ameenda?"

Leo alfajiri nimewakuta wamevaa viatu, wanangoja basi la kwanza. Mbolea nayo hukaa maguniani, kwa hiyo nimeshusha ukutani chuma kirefu chenye kutu, nikampa Shabani. Amekigeuzageuza.

"Hili lilikuwa la nani, bibi?"

Kabla sijafungua mdomo, Hidaya amelichukua mkononi mwake, akalitia kwenye mkoba.

"Usiulize bambo la nani," amemwambia kaka yake. "Uliza limetoa nini."