Bi Kindi na Silinda Aliyoiogesha

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na milango ya kubishwa hodi na meko ya kupikia, aliishi bondeni msuka mikeka mmoja, Bi Kindi. Mwili wake ulikuwa mdogo, mkia wake mkubwa, na moyo wake haukuwa bondeni. Ulikuwa ng'ambo ya mlima, alikolelewa mwanawe wa pekee, Sijaona.

Mumewe alipofariki, Bi Kindi alimpeleka mtoto kwa bibi yake akaahidi kwenda kumwona kila mwezi mwandamo, kwa pikipiki aliyoachiwa na marehemu. Mwanzoni alikwenda. Kisha pikipiki ikaanza kula oili na kutoa moshi. Ikifika nusu ya mlima, pu, pu, pu, inazima. Kwa miguu haikuwezekana, maana njiani palikuwa na uwanda usio na mti hata mmoja, na mwewe walikaa juu wakingoja.

Masika yakapita, kiangazi kikapita. Kila jioni Bi Kindi alipanda juu ya paa akautazama mlima mpaka usionekane tena. Habari alizipata kwa Korongo, aliyeruka pande zote mbili.

"Mwanangu hajambo?"

"Hajambo. Amerefuka. Anachota maji mwenyewe."

"Ananiulizia?"

Korongo alitengeneza mabawa yake kwanza. "Zamani alikuwa akiuliza," alisema. "Siku hizi anamwita bibi yake mama."

Bi Kindi alishuka, akaifungua pikipiki, akatoa silinda, lile bomba la chuma ambamo pistoni hupanda na kushuka, akaenda nayo karakana kwa Fundi Nyati.

Fundi Nyati ndiye aliyekuwa na mashine ya kuchongea silinda, kubwa kama kitanda. Mwenziwe kazini alikuwa Fisi. Nyati aliitazama silinda juu juu, wala hakukigusa kipimo kilichoning'inia ukutani.

"Imelika," alisema. "Inataka kuchongwa ndani ipanuke, kisha itiwe pistoni kubwa zaidi. Iache hapa."

"Nitaipata lini, fundi?"

"Pistoni inatoka mbali. Labda mvua zikiisha."

"Nimepitisha ukucha ndani, sikusikia mkwaruzo. Inateleza tu kama kioo. Haitoshi kuisugua kwa mawe, ili oili ipate pa kushika? Nipimie tu, fundi."

Fisi akacheka. "Kama ufundi unao nyumbani, huku umefuata nini?"

Bi Kindi alitazama rafu iliyokuwa nyuma yao. Pampu ya Ngiri ilikuwa pale, imejaa utando wa buibui, na mashine nyingine nyingi za watu zilizoachwa zikingoja. Akaifunga silinda yake kwenye khanga, akaondoka.

Nyumbani alikaa nayo mapajani. Mumewe alimfundisha kusugua silinda kwa mawe yanayozungushwa na keekee, kazi hiyo aliiweza. Lakini alijua pia kwamba silinda iliyolika kweli, ukiisugua unazidi kuipanua, ringi zinazoizunguka pistoni hazishiki tena, na pikipiki inakuwa chuma cha kukalia kuku. Angebaki upande huu wa mlima maisha yake yote. Bila kupima asingeweza kujua, na kipimo bondeni kilikuwa kimoja tu.

Ndipo alipoinjika maji ya moto. Akachukua majivu, sabuni na mchanga laini, akaisugua silinda kwa nje, kwacha, kwacha, kwacha. Masizi ya miaka yakatoka. Chuma kikatokeza, kikang'aa. Akaipaka grisi, akaifunga kwenye karatasi safi.

Siku ya pili aliikuta karakana imejaa wateja.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Umeamua kuiacha?"

"Leo nimekuja kwa jambo la heshima yenu. Watu wanasema kipimo chenu kimeharibika. Eti silinda yoyote ikiingia hapa lazima ionekane imelika. Basi nimeleta hii mjaribu, mbele ya watu."

Akafungua karatasi. Silinda ikameta. Nyati akapuliza pumzi puani, na Fisi akakinyakua kipimo ukutani. Wakapima juu, wakapima katikati, wakapima chini. Wateja wakasogea.

"Nzima," Nyati akatangaza. "Juu nzima, chini nzima. Kipimo changu hakina kasoro. Atakayekwambia silinda hii ichongwe ni mwizi."

"Sasa ifanyweje?"

"Isuguliwe kidogo, itiwe ringi mpya, basi. Hata wewe nyumbani utaweza. Fisi, mpe ringi, na umwazime mawe ya kusugulia, hao wanaosema wapate kujua sisi ni mafundi."

Bi Kindi alivipokea kwa mikono miwili. Kisha akasema kwa sauti ndogo, lakini karakana yote ilisikia.

"Ahsante, fundi. Silinda hii ni ile ile ya jana. Nimeiogesha tu. Ingekuwa imelika ningekuachia, maana mashine yako sina na kazi hiyo siiwezi. Nilitaka unipimie."

Hakuna aliyecheka. Ngiri alisimama polepole. "Na pampu yangu," alisema, "ipimeni sasa hivi, nikiona." Nyati akainamisha pembe zake.

Nyumbani Bi Kindi alitia mawe kwenye keekee, akayalowesha mafuta, akaanza kusugua, juu, chini, juu, chini, bila kusimama mahali pamoja, mpaka mikwaruzo myembamba ikapishana ndani kama miyaa ya mkeka. Akaiosha kwa maji ya sabuni hadi kitambaa cheupe alichofutia ndani kilipotoka bila doa. Akaivalisha pistoni ringi mpya, akafunga kila kitu, akapiga kiki. Tu. Tu. Tutututu. Moshi haukutoka.

Alitamani kuruka nayo mlima. Lakini silinda iliyosuguliwa haikimbizwi siku za kwanza. Ringi zinataka kuzoeana nayo. Basi alipanda taratibu, moyo ukimtangulia, mkono ukiuzuia mwendo.

Alifika jua limeinama. Bibi alitoka mlangoni akilia kwa furaha. Nyuma ya khanga yake yalichungulia macho mawili.

"Msalimie mama yako," Bibi alisema.

"Shikamoo," mtoto akanong'ona, kama wanavyosalimiwa wageni.

Mikono ya Bi Kindi iliinuka yenyewe. Akaishusha. "Marahaba, mwanangu," alisema, akaketi kwenye kizingiti.

Baada ya kitambo Sijaona alitoka, akaizunguka pikipiki, akanyoosha kidole.

"Usiguse, ina moto," mama yake akasema. "Ngoja ipoe."

Mtoto akaketi kizingitini, mbali kidogo naye. Wote wawili wakaitazama pikipiki.

"Ikipoa utaondoka?" Sijaona akauliza.

"Ikipoa utaigusa."

Mtoto akafikiri. Kisha akasogea karibu, kidogo tu, na Bi Kindi hakumharakisha.

Basi wanangu, werevu hufupisha safari, lakini mapenzi hayana njia ya mkato.