Benchi la Nyuma la Filemoni Kajiru

Wazee wetu wa imani, waliosali milimani Upare zamani za makanisa ya kuezekwa kwa nyasi, wametuachia habari za mja wa Mungu aliyeitwa Filemoni Kajiru. Nasi tunazisimulia kama tulivyozipokea, tukimwomba Mola atupe mioyo ya kuzisikia.

Filemoni hakuwa mchungaji wala mwinjilisti. Kazi yake ilikuwa kufungua na kuziba ndiva, lile bwawa la kijiji, ili mashamba ya watu yapate maji kwa haki. Alikuwa na mke, Nakundwa, na watoto watano. Kila jioni kabla ya chakula aliwasimamisha wote akasali, na katika sala alimtaja kila mtoto kwa jina na haja yake, kisha majirani, kisha wagonjwa wa kijiji kizima, hata makande yakapoa na watoto wakaanza kukanyagana miguu. Nakundwa alimtania kwamba Mungu naye ana kazi nyingine za kufanya. Filemoni alicheka, na kesho yake akasali vile vile.

Mtoto wao wa mwisho, Ruthi, alipofika miaka mitatu alishikwa na homa. Alipewa dawa misheni, homa ikashuka, kisha ikapanda tena. Siku ya tano, Filemoni akiwa kwenye ndiva, mtoto alipatwa na degedege mikononi mwa mama yake. Nakundwa alikuwa peke yake, na hofu ikamshinda. Tusimwonee, maana sisi tunaomsema hatukumpakata mtoto yule. Alimbeba mgongoni akakimbia bondeni kwa mganga wa kienyeji, akarudi na hirizi imefungwa kiunoni mwa mtoto, chini ya gauni. Hakumwambia mtu. Alfajiri ya siku ya pili yake Ruthi akafariki.

Wanawake wa usharika walipokuja kumwosha marehemu ndipo hirizi ilipoonekana. Mmoja wao alitoka nayo nje, akamkabidhi mzee wa kanisa mbele ya Filemoni. Filemoni aliitazama, kisha akamtazama mkewe aliyekuwa ameinama mlangoni, akafahamu.

Sheria ya usharika ule ilikuwa wazi. Mkristo aliyekwenda kwa waganga alitengwa na Meza ya Bwana mwaka mzima, na mwaka huo wote alikaa kwenye benchi la nyuma karibu na mlango, ambako kila aliyeingia alimwona. Wenyewe waliliita benchi la marudi.

Wiki moja baada ya mazishi, mume na mke waliitwa mbele ya baraza la wazee. Mzee Zefania, mtu mkweli lakini mwenye haraka ya kuhukumu, aliweka hirizi mezani.

"Kitu hiki kimetoka nyumbani kwa nani?"

"Kwangu, Mzee," Filemoni alijibu. "Nyumba ni yangu. Kilichoingia humo nakijibia mimi."

Nakundwa alifumbua kinywa. Filemoni akamshika mkono, akaubana kidogo, naye akanyamaza. Mzee Zefania hakuuliza swali la pili. Aliandika jina la Filemoni, na baraza likafungwa kwa sala.

Njiani kurudi Nakundwa alilia. "Baba Eliamini, kesho nakwenda kuwaambia."

"Umemzika mtoto juzi," Filemoni akasema. "Hili niachie mimi."

Kesho ile ilikuja, na nyingine baada yake, na kila moja Nakundwa aliiona ngumu kuliko iliyopita. Mwaka ukaisha. Mchungaji akamwita Filemoni mbele ya usharika, akamrudisha Mezani kwa furaha. Lakini Jumapili iliyofuata watu walimkuta pale pale, kwenye benchi la nyuma. Wakasema bado anaona haya. Nakundwa alipomwuliza, alijibu kwamba pale mlangoni kuna upepo mzuri. Alipomkazania, akasema, "Atakayeletwa pale akimkuta mtu, hatalia sana."

Na kweli waliletwa wengi. Aliletwa binti aliyebeba mimba kabla ya ndoa, akaletwa mlevi mmoja wa kitongoji cha juu. Kila aliyeketi pale aliona Filemoni akisogea kumpa nafasi, kisha akimfungulia kitabu cha nyimbo mahali penyewe, kwa maana mwenye haya mikono humtetemeka.

Mara mbili jina lake lilitajwa kwa uzee wa kanisa, na mara mbili mtu akakohoa akakumbusha habari za ile hirizi. Hayo Nakundwa aliyavumilia. Lililomchoma ni siku ambayo Eliamini, mzaliwa wao wa kwanza, kijana mwenye ndevu tayari, alikaripiwa na baba yake kwa kukosa ibada, naye akajibu, "Na wewe si ndiye uliyempeleka Ruthi kwa mganga?" Filemoni alichukua jembe akaenda zake kwenye ndiva. Nakundwa alikuwa jikoni, hatua tano tu kutoka walipokuwa, na alisikia kila neno. Akaendelea kukoroga chungu. Siku ile alijichukia sana, na bado hakusema.

Ikapita miaka ishirini na miwili tangu kifo cha Ruthi. Masika moja Filemoni alishikwa na kifua, akalala siku kumi, akafariki katikati ya sala ya jioni aliyokuwa akisomewa na binti zake.

Desturi ya usharika ilikuwa kuusoma wasifu wa marehemu mbele ya watu kabla ya kumpeleka kaburini. Mzee Zefania, aliyekuwa sasa mzee wa mvi, alikuja kuuandika pamoja na mjane. Aliandika ubatizo, ndoa, watoto, kazi ya maji. Kisha akasita.

"Mama Eliamini, ule mwaka hatuwezi kuuficha. Lakini nimeuandika vizuri. Sikiliza. Alianguka mara moja, akatubu, Bwana akamwinua. Ni ushuhuda wa kutujenga sote. Unaridhia?"

Nakundwa alikuwa ameketi mkekani, kitambaa cheusi kimemfunika kichwa. Akaitikia kwa kichwa. Ndiyo, ndugu zangu, aliitikia hata siku ile.

Kesho yake kanisa lilijaa hadi nje. Jeneza lilikuwa mbele, na wanawe wanne wamesimama kando yake. Mzee Zefania akasoma kwa sauti nzito, watu wakitikisa vichwa kwa kukubali, mpaka alipofika penyewe. "Alianguka mara moja," akasoma, na Nakundwa akamwona Eliamini akiinamisha uso kwa aibu ya baba yake.

Mjane katika nchi ile hasemi kanisani siku ya maziko. Hukaa akashikwa na wanawake wenzake. Nakundwa aliiondoa mikono yao, akasimama.

"Mzee Zefania, naomba uishie hapo. Hakuanguka. Hirizi ya Ruthi niliifunga mimi, naye hakujua mpaka siku ya kumwosha mtoto. Aliwaambia nyumba ni yake. Hakuwaambia uongo, ila mimi niliwaacha muuamini uongo."

Mchungaji alimwuliza taratibu, "Mama, mbona miaka yote hii hukusema?"

"Nilingoja siku ambayo kusema hakutaniuma," akajibu. "Haikuja."

Mzee Zefania akaomba kalamu, na mbele ya watu wote akalifuta lile neno, machozi yakimtoka. "Niliuliza swali moja nikatosheka," akasema. "Na mimi mnisamehe." Eliamini alikuwa amepiga magoti kando ya jeneza, ameweka paji la uso juu ya mbao, akirudia, "Baba, baba." Wakamzika Filemoni alasiri hiyo kwenye mvua.

Baada ya matanga Nakundwa alikwenda kwa mchungaji kuomba mwaka wake. Mchungaji akamwambia Bwana amekwisha kumsamehe. "Najua," akasema Nakundwa. "Lakini mwaka huo ulikuwa wangu, akaukaa mwenzangu."

Jumapili ile alikwenda moja kwa moja kwenye benchi la nyuma, akaketi pembeni, pale ubao ulipokuwa umelika kwa kukaliwa. Kanisa lile lilikuwa na nguzo nyingi, na kutoka pale mimbari haikuonekana hata kidogo. Alipoinua macho aliona upenyo mmoja tu kati ya nguzo mbili, na katika upenyo ule, upande wa wanawake, safu ya tatu karibu na ukuta, nafasi yake yeye mwenyewe. Haikuwa na mtu. Kwa miaka yote ile Filemoni alikuwa akisali huku akimwangalia.

Mlango ukafunguliwa, Eliamini akaingia. Hakupita mbele kwa wanaume. Aliketi kando ya mama yake, akachukua kitabu cha nyimbo mikononi mwake, akamfungulia mahali penyewe.

Toba ya Nakundwa ilikuwa ya kweli, na mbinguni ilipokelewa, hatuna shaka. Ila yule aliyestahili kuisikia kwanza alikuwa amelala ndani ya jeneza ilipotamkwa. Mola awarehemu wote wawili, na atujalie sisi kuusema ukweli wakati wale wenye haki ya kuusikia bado wanasikia.