Ngiri Atafuta Nyumba Mlima Kibaridi

Paukwa!

— Pakawa!

Nyie wa nyuma sijawasikia. Paukwa!

— Pakawa!

Haya, kunjeni miguu, kila mtu apate pa kukaa. Maana hadithi yenyewe ni ya pa kukaa.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakipanga na kupangishana nyumba, palikuwa na mlima ukiitwa Kibaridi. Kichwani ukungu, kiunoni msitu, miguuni chemchemi. Majani yake laini hata wakati wa kiangazi. Kila aliyekwenda kutembea huko alirudi bondeni manyoya yanang'aa, akasema, "Kule, jamani! Kule unalala umejifunika!" Na bondeni hakuna aliyewahi kulala amejifunika.

Huko bondeni aliishi Ngiri na watoto wake. Kitinda mimba wake aliitwa Chepe, basi majirani wakamwita Mama Chepe. Kiangazi kikaja. Kikakaa. Kikakataa kuondoka. Tope la kugaagaa likawa vumbi. Chepe akaanza kukohoa. Kho! Kho! Asubuhi kho, jioni kho.

Mama Chepe hapati usingizi. Anageuka upande huu, anageuka upande ule. Anatoka nje, anautazama mlima. Anarudi ndani. Anatoka tena, anautazama tena. Mwishowe akasema, "Wanangu, tunahama."

Akafunga mzigo: mizizi mikavu yote aliyoiweka akiba, na ukwaju kidogo wa kubembelezea watoto. Mikia juu, wakashika njia. Tuku tuku tuku! Mama mbele, watoto nyuma. Tuku tuku tuku!

Kumbe si wao peke yao. Njia nzima imejaa. Kanga wanapanda, swala wanapanda, sungura anapanda na godoro la nyasi kichwani. Kobe naye anapanda. Aliondoka bondeni zamani na bado hajafika, lakini ndiye pekee asiyekuwa na wasiwasi wa nyumba.

Walipofika mlimani, Ngiri akaanza kuimba. Ninyi mniitikie:

*Mlima, mlima, nipe pa kulala!*

— Pita, mama, pita!

*Wanangu wamechoka, nipe pa kulala!*

— Pita, mama, pita!

Wakafika kwenye majabali kwa Pimbi. Pimbi amejilaza juu ya jiwe, anaota jua.

"Hodi, Bwana Pimbi!"

"Karibu. Ishia hapo hapo, miguu yako ina vumbi."

"Natafuta chumba."

"Chumba kipo. Kinatazama bonde lote. Kila mzizi utakaochimba, nusu yako, nusu yangu. Na watoto sichukui."

"Nusu! Bwana Pimbi, hata Simba hachukui nusu!"

Pimbi akakuna tumbo. "Mama, nikwambie kweli. Zamani sikumpangisha mtu. Walikuja wenyewe kuniomba. Nikasema nusu, nikitania. Wakakubali! Wewe ungefanyaje?"

Ngiri akafikiri. Akawaita watoto, wakaendelea kupanda.

*Mlima, mlima, nipe pa kulala!*

— Pita, mama, pita!

Wakafika kwenye miti kwa Mbega.

"Hodi! Una chumba?"

"Ninacho," akasema Mbega kutoka juu. "Tena bure."

"Bure! Kiko wapi?"

"Hapa nilipo. Panda."

Ngiri akautazama mti. Akazitazama kwato zake. Watoto wa Mbega wakacheka, kwe kwe kwe, mpaka mmoja nusura aanguke.

Basi Ngiri akasema, nitachimba mwenyewe. Akachimba huku, ngo! Jiwe. Akachimba kule, ngo! Jiwe. Pua ikavimba. Jua likaanza kuteremka. Ukungu nao ukaanza kuteremka, na ule ubaridi mtamu aliosifiwa bondeni, kwa mtu asiye na nyumba haukuwa mtamu hata kidogo. Chepe akatetemeka. Kho! Kho!

Ndipo akatokea Tumbili. Anaruka, anatua. Anaruka, anatua. Hatulii mahali pamoja.

"Shikamoo, mama yangu! Nyumba, siyo? Usiniambie, naijua sura ya mtafuta nyumba. Mimi ndiye dalali wa mlima mzima. Nina shimo hapa, limechimbwa na Mhanga mwenyewe, fundi hasa. Kahamia mbali, kaniachia nilitafutie mpangaji. Karibu na chemchemi! Jua la asubuhi linaingia mpaka ndani!"

"Marahaba. Kodi yake?"

"Huo mzigo wako tu, na mpaka masika yaishe ni lako."

"Mbona rahisi?"

"Kwa sababu nimekupenda. Lakini amua sasa hivi, mama. Digidigi analitaka, yuko njiani anakuja."

Ngiri akautazama mzigo. Ndiyo akiba yake yote. Akamtazama Chepe. Akautua mzigo. Tumbili akaunyakua, pyuu! Juu ya mti.

Sasa sikilizeni mila ya kina Ngiri. Ngiri haingii nyumbani kwa uso. Bibi zake hawakuingia kwa uso, na bibi za bibi zake hawakuingia kwa uso. Wao huingia kinyumenyume, mkia mbele, meno yakibaki yameelekea mlangoni, adui akija akutane nayo. Ni mila nzuri, imewaokoa wengi. Lakini mtu anayeingia hivyo huona vizuri anakotoka, na haoni kabisa anakokwenda.

"Ningojeni hapo, nitangulie kupima," Ngiri akawaambia watoto. Akageuka. Akaingia. Makalio yakatangulia. Pole pole, pole pole, pole po...

Cha-cha-cha-cha! Chwi!

"Mamaaa!"

Ngiri akachomoka kama kizibo. Makalioni imening'inia miiba, mirefu, myeupe na myeusi.

"Nani huyo anayekalia wenzake?" sauti ikanguruma shimoni. "Toka nyumbani kwangu!"

"Nyumbani kwako wapi? Mimi nimelipa!"

"Na mimi nimelipa!"

"Nimemlipa Tumbili!"

"Kwani mimi nilimlipa Tembo?"

Alikuwa Nungunungu. Naye alilala kwa mila ya kwao, uso ukutani, mgongo mlangoni. Kwa hiyo wote wawili walikuwa wamekutana mgongo kwa mgongo, na hakuna aliyemwona mwenzake.

Ngiri akakimbia mpaka chini ya mti. "Tumbili! Shuka! Nyumba ina mtu!"

"Mama yangu," Tumbili akasema, mdomo umejaa, "nilisema lina jua la asubuhi. Nilisema halina mtu?"

"Nirudishie mizizi yangu!"

"Tumeshakula." Na kweli nyuma yake watoto wake walikuwa wanatafuna, macho yamewatoka, wembamba kama vijiti. "Mama Ngiri, nifanye nini? Matunda yote ya huku siku hizi yana wenyewe. Mimi mwenyewe nyumba sina. Mvua ikinyesha, inaninyea."

Ngiri akamtukana tusi moja zito, ambalo mbele ya watoto hawa silisemi. Kisha akageuka. Hasira haijamtoka, lakini tumbo la mtoto halikamuliwi likarudisha mizizi.

Mara kule juu Mbega akapiga kelele. "Jamani! Chui anateremka! Chui anateremka chemchemini!"

Kila mlango ukafungwa. Pa! Pa! Pa! Ngiri akabaki nje na watoto wake. Akaenda huku, akarudi. Akaenda kule, akarudi. Mlima mzima wa kupendeza, na hapana hata ufa wa kumtia Chepe.

Akarudi shimoni. Akageuka aingie kinyumenyume. Makalio yakamkumbusha. Akageuka tena. Akasimama. Moyo du! du! du!

Kisha Ngiri akafanya jambo ambalo bibi zake hawakulifanya. Akapiga magoti ya mbele, akauingiza uso.

"Mzee," akasema. "Shikamoo."

Cha-cha-cha! "Nitachoma!"

"Choma, uso wangu huu hapa. Sina mwingine. Lakini kwanza geuka, mzee, umwone unayemchoma."

"Kwetu hatumgeukii mgeni."

"Na kwetu hatuingii kwa uso. Mimi nimeingia."

Cha... cha... Miiba ikalala. Nungunungu akageuka taratibu. Ngiri akaona macho madogo, mekundu kwa uchovu. Akaona pua yenye mikunjo. Akaona mzizi mmoja umetafunwa nusu na kuwekwa pembeni kwa uangalifu, kama kitu cha mtu asiyejua atapata lini kingine.

"Umetoka wapi, mama?" Nungunungu akauliza.

"Bondeni. Ng'ambo ya mto uliokauka."

"Hata mimi." Akachungulia nyuma ya Ngiri, akawaona watoto wamesongamana. "Jua limezama?"

"Linazama."

"Basi nipishe nitoke."

Ngiri akashtuka. "Mzee, sijasema nikutoe. Unakwenda wapi na Chui yupo?"

"Chui ananijua, alishaionja miiba yangu, hanisogelei. Nakwenda kutafuta chakula. Ulidhani nakula saa ngapi?"

"Usiku?"

"Tangu nizaliwe. Mchana nalala."

Ngiri akafumbua kinywa. "Mzee Nungunungu. Mimi nalala usiku."

"Usiku?" Nungunungu akashangaa kabisa. "Kuna watu wanalala usiku?"

Wakatazamana. Nungunungu akaanza kucheka, na miiba yote ikacheka naye, cha-cha-cha-cha! Akatoka. Watoto wakaingia mbio, chap chap! Mama yao akawafuata, kinyumenyume kama ilivyo mila, lakini safari hii akijua kilichopo nyuma yake. Chui akafika. Akanusa mlango. Akakuta meno mawili yaliyopinda yanamtazama. Akapiga miayo, kama mtu aliyekuwa anapita tu, akaenda zake.

Wakaishi hivyo. Msidhani waliishi kwa raha tupu! Alfajiri, "Hodi, Mama Chepe," na watoto wanaamshwa usingizi ukiwa bado mtamu. Jioni, "Hodi, mzee," naye anatoka akinung'unika kwamba kitanda kinanuka tope. Ngiri naye anaokota miiba kila siku. Kitanda hakikupata hata nafasi ya kupoa. Mara nyingine Ngiri alisimama chemchemini akageuka huku na huku, akijiuliza kama hapa ndipo kwao au bado yuko njiani. Lakini Chepe aliacha kukohoa.

Asubuhi moja Ngiri akatoka, akakuta mlangoni familia ya Kicheche. Wana vumbi la bondeni mpaka kwenye kope. Wamesimama mbali kidogo, kwa adabu, maana wanajua harufu yao.

"Mama," akasema baba Kicheche, "samahani. Tumesikia hapa pana nyumba. Kodi yake kiasi gani?"

Ngiri akalitazama shimo lake, lilivyo dogo. Akamtazama Nungunungu, ambaye ndiyo kwanza anafika, mdomo umejaa udongo. Nungunungu akainua mabega, cha.

Ngiri akapiga magoti ya mbele, uso wake ukawa sawa na uso wa Kicheche.

"Ninyi," akauliza, "mnalala saa ngapi?"

Kina Kicheche wakatazamana. Mlima mzima wamepita, mlango kwa mlango, na hakuna aliyewahi kuwauliza hivyo.

Fundisho lake ni hili, wakubwa na wadogo: ukiambiwa hakuna nafasi, au ukitaka kusema hakuna nafasi, kwanza geuka umtazame mwenzako usoni, umuulize anaishije. Wengi tunagombea mahali ambapo tungeweza kupishana.

Hadithi yangu imeishia hapo mlangoni. Mimi sikuingia ndani, kulikuwa kumejaa.