Kura Moja ya Ndovu

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitikia kivivu, kama watu waliokunywa maji wakashiba. Wenzenu wa hadithi hii maji hawakuwa nayo. Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wanachagua rais wao, palikuwa na nchi yenye mto wa mchanga. Masika mto ulijaa. Kiangazi ulikauka, ukabaki mchanga mtupu, maji yakajificha chini kabisa. Aliyeweza kuyafikia ni mmoja tu, Ndovu. Alipiga magoti, akatia mkonga, fyuu, fyuu, akatupa mchanga huku na huku mpaka maji yakatoka. Akanywa yeye, kisha wakanywa wote. Ndiyo maana alikuwa rais miaka nenda, miaka rudi.

Mama Kanga naye alikunywa hapo. Lakini mwaka huo alikuwa na kinyongo. Siku moja Ndovu, akienda kisimani, alipita juu ya kiota chake. Pwaa! Mayai yakapondeka, yakapona mawili tu. Ndovu akaendelea na safari yake, pole hakusema. Kanga alilia mpaka sauti ikakwaruza, na mnaisikia hadi leo. Yale mawili yakaanguliwa, akawalea wanawe na uchungu wake moyoni.

Uchaguzi ukafika. Fisi akajitokeza kugombea. Wanyama walicheka mbavu zikawauma. Fisi akaahidi kwamba akishinda yeye, maji yatatoka yenyewe, hakuna haja ya kuchimba. Wakacheka tena.

Sasa sikilizeni desturi yao. Kila mnyama alikwenda peke yake nyuma ya kichuguu chenye matundu mawili. La kulia la Ndovu, la kushoto la Fisi. Unatumbukiza kokoto yako, tk, unakwenda zako. Na mgombea aliyeshindwa hakuruhusiwa kugusa mchanga wa mto mpaka mvua inyeshe, asije akashindana na rais mpya.

Kanga alisimama mbele ya matundu, kokoto mdomoni. Akawaza, Ndovu atashinda tu, nani asiyejua? Leo nimchome kidogo. Akose moja, ajue kuna mtu aliyeumia. Akaitumbukiza kushoto. Tk. Akatoka moyo umetulia.

Jioni Kakakuona, mwenye kichuguu chake, akaanza kutoa kokoto na kutangaza. Fisi. Fisi. Fisi. Wanyama wakacheka. Fisi. Fisi. Kicheko kikapungua. Fisi. Fisi. Kicheko kikaisha. Akaja kwenye tundu la Ndovu, akatia mkono, akapapasa, akapapasa tena. Akatoa kokoto moja. Basi.

Fisi mwenyewe alifungua mdomo acheke, kicheko kikagoma kutoka.

Nyani akawahi kusema ile moja ni yake. Ngiri akasema Nyani mwongo, ile ni ya kwake, akaapa kwa jina la mama yake. Swala akasema yangu, Twiga akasema yangu. Hata Kanga alijikuta akisema, "Ni yangu." Jamani, kokoto moja, wenyewe nchi nzima!

Ndovu akajitenga, akaupa mto mgongo. Rais Fisi akaingia mchangani kuchimba. Kwaru, kwaru. Mchanga ukaporomoka, shimo likajaa. Kwaru, kwaru. Likajaa tena. Maji hayakutoka yenyewe wala hayakutoka kwa kuchimbwa.

Vifaranga wa Kanga wakaanza kulegea. Mmoja akauliza, "Mama, nani alimchagua huyu?"

Kanga akataka kusema uongo uleule. Akawatazama wanawe, midomo wazi, ndimi kavu, na uongo ukamshinda. Akawachukua, akaenda nao kwa Ndovu.

"Mzee Ndovu," akasema, "mimi sikukuchagua. Nilimpa Fisi. Simpendi Fisi, wala sikutaka atutawale. Ila ulikanyaga mayai yangu, ukapita bila kusema pole. Nilijua wengine watakupa, mimi nikunyime tu."

Ndovu alishtuka, masikio yakasimama. "Mayai gani?"

Kanga akamweleza, mkwaruzo wa sauti ukizidi. Ndovu akainama mpaka mkonga ukalala vumbini. "Pole, mama," akasema. "Sikuona. Wote wamekuja hapa kuniapia kwamba ile kura ni yao. Wewe ndiye wa kwanza kusema kweli." Kisha akasema kwa aibu, "Hata mimi nilimpa Fisi. Nilijua nimeshashinda. Nikamwonea huruma asitoke mikono mitupu."

Kanga akauliza, "Sasa ile moja ni ya nani?"

"Ni yangu."

Wakageuka. Alikuwa Fisi, makucha yamechubuka, mchanga mpaka puani. "Mimi nami nakunywa maji," akasema. "Kuchimba siwezi, nilijua hilo kabla yenu. Ninyi mlipokuwa mkicheka, mimi nilichagua."

Kisha akakumbuka yeye ni nani sasa, na kile kicheko kilichogoma kikatoka chote. Akatoa amri yake ya kwanza: marufuku imeondolewa, Ndovu achimbe. Lakini rais ni yeye mpaka mvua, na ukingo wa kisima ndicho kiti chake.

Ndovu akachimba. Maji yakatoka. Fisi akaketi ukingoni, meno nje. Kanga akawapitisha wanawe chini ya meno yale. Akanywa tone moja, akainua kichwa kumtazama rais wake. Tone, kichwa juu. Tone, kichwa juu. Mpaka leo kanga hunywa hivyo.

Wakubwa kwa wadogo, fundisho ni hili. Kura si ya kumkomolea mtu. Aliyekuudhi mwambie usoni. Na ukisimama mbele ya matundu, mpe yule unayetaka akutawale, kwa sababu huenda akashinda.

Hadithi yangu imefika kisimani, na hapo ndipo inapoishia.